Jinsi ya kupambania eneo la wazi la mtaa wenu hapa Mbeya bila kuishia kupiga kelele tu

Wadau wa Uyole, Iyunga, Ilomba, Nzovwe na kote huko, huu mwongozo ni wa yule mtu ambaye mtaani kwao kuna kauwanja watoto wanachezea mpira, au kipande cha majani kando ya mto, au korongo la kupitisha maji ya mvua, na kila akipita anaona kamepungua kidogo. Leo imemwagwa tripu ya mawe, wiki ijayo msingi, mwezi ujao bati liko juu, halafu mnaambiwa pale ni kiwanja cha mtu na hati anayo. Watu wanalalamika kijiweni, wanaposti picha, wanamsema mwenyekiti, basi imeisha hiyo. Mimi nimefuatilia haya mambo hapa Mbeya kwa muda na nilichokiona ni kwamba serikali inatembea na karatasi. Jambo ambalo halimo kwenye muhtasari wa kikao chochote kwao halijatokea, hata kama mtaa mzima umelia. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini shabaha yake ni hiyo hiyo, kuliingiza jambo lenu kwenye muhtasari na kulisukuma lipande kutoka mtaa kwenda kata kwenda jiji.

Natumia mfano wa eneo la wazi sababu ndio linalouma wengi, lakini kama kero yenu ni mtaro, dampo la taka au taa za barabarani njia ni ile ile. Wenzetu wa Iringa manispaa, Njombe na Tunduma ngazi zao ni hizi hizi, wabadilishe tu neno jiji waweke manispaa au mji. Ila mliopo halmashauri za wilaya, kama Rungwe, nyie mna vijiji na vitongoji na sheria yenu ni Sura 287, sisi wa mijini ni Sura 288, zote zilitungwa 1982, kwa hiyo msije mkachukua hii mkaitumia kama ilivyo.

HATUA YA 1: Jua ni la nani kabla hujafungua mdomo

Hapa ndio wengi wanapopotelea. Mtu anamfokea diwani kuhusu shimo la barabarani wakati barabara ile haiko chini ya halmashauri kabisa. Tangu 2017 barabara za mitaani na vijijini zipo kwa TARURA, na ile kubwa ya kwenda Tunduma pamoja na barabara za mkoa ni za TANROADS. Mitaro ya pembeni inafuata barabara yake. Bomba limepasuka ni mamlaka ya maji. Taka, masoko, stendi, bustani na vibali vya ujenzi ndio halmashauri ya jiji. Diwani anaweza kukusaidia kote huko kwa kuuliza kikaoni, ila barua ukiipeleka ofisi siyo, itakaa huko hadi mvua zije ziondoke.

Na uwanja kuwa wazi haimaanishi ni wa umma. Viwanja vya Sokoine hapa Mbeya na Samora pale Iringa vinamilikiwa na CCM, mtu anakulia hapo anadhani ni mali ya serikali. Viwanja vingine ni vya shule, vingine vya kanisa, vingine ni kiwanja halali cha mtu aliyehamia Dar miaka ya tisini hajarudi kujenga. Ukianza vita na mwenye hati halali umepoteza muda wako na wa wenzako.

Kujua ukweli unaanza kwa jirani. Tafuta mtu mwenye hati ya kiwanja kinachopakana na hilo eneo, muombe kwa heshima akuonyeshe ule mchoro uliopo kwenye hati yake, pale utaona namba za viwanja vinavyomzunguka na herufi ya kitalu. Ukishapata kitalu unaenda idara ya mipangomiji ya jiji unauliza, kwenye mchoro wa mipangomiji wa kitalu hiki hapa pameandikwa matumizi gani? Usiende ukauliza "eti ule uwanja wetu wa kule juu ni wa nani", utaambiwa njoo kesho. Ukija na kitalu na namba ya kiwanja jirani, afisa anajua huyu hajaja kupoteza muda.

Kuna maeneo, hasa huku tulikojenga kwanza ndio upimaji ukafuata, ambako mchoro umekuja na urasimishaji na eneo la wazi ni lile tu ambalo watu walikubali kuliacha, kama walikubali. Kwenye mitaa ya milimani chini ya Loleza unaweza kukuta hamna hata moja. Hapo usikate tamaa, angalia kama pana mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hiyo mita 60 haiulizi kama mmepimwa au hamjapimwa.

HATUA YA 2: Kusanya ushahidi ukiwa bado umepoa

Piga picha, washa lokesheni na tarehe kwenye simu, simama sehemu ile ile kila mara ili mtu akizipanga aone kilichobadilika. Andika anwani ya makazi ya nyumba zinazozunguka eneo, zile namba zilizobandikwa mwaka 2022, sababu "pale karibu na kwa mama fulani muuza vitumbua" haisaidii mtu wa ofisini ambaye hajawahi kufika kwenu.

Halafu nenda kwa wazee. Mzee aliyekuwepo mtaa unaanza anajua nani alilitoa eneo, enzi za mwenyekiti gani, na mara nyingi kuna daftari la zamani limelala mahali. Mpe shikamoo, kaa chini, usianze na swali. Akishaongea muulize kama yuko tayari kuyasema hayo kwenye mkutano, akikubali andika maelezo yake, msomee, aweke sahihi au dole gumba. Kuna mtaa mmoja mambo yalibadilika kwa sababu ya bibi mmoja tu aliyekuwa na barua ya zamani ya kugawiwa kiwanja, na barua yenyewe imetaja "kiwanja cha michezo" kama mpaka wake wa kaskazini. Alikuwa ameihifadhi kwenye mfuko wa rambo chini ya godoro pamoja na kadi za kliniki za watoto wake.

Watoto wakiwepo kwenye picha ficha sura zao. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria wazazi hawatapenda.

HATUA YA 3: Tafuta watu wachache wa maana

Usianze na grupu la WhatsApp la watu mia mbili. Anzeni watano hadi saba. Mmoja awe mzee anayeheshimika, mmoja mama wa kikoba sababu kina mama wa vikoba ndio wanaoweza kujaza mkutano kwa siku moja, mmoja wa kijiwe cha bodaboda au bajaji, mmoja anayejua kuandika barua ikaeleweka, mwalimu mstaafu anafaa sana hapo. Akipatikana fundi anayejua kusoma ramani mmepata dhahabu.

Sasa suala la vyama. Sare za vyama ziacheni nyumbani, zote. Siku hizi ukiuliza tu kuhusu mfereji kuna mtu ataanza kuuliza nani amekutuma, na ukimpa sababu ya kusema wewe ni wa chama fulani basi hoja ya uwanja imekufa mnaanza kujadili wewe. Kama kwenye timu yenu kuna mwanachama wa chama tawala na wa upinzani, vizuri zaidi, wakae meza moja watu wawaone.

HATUA YA 4: Mkutano wa mtaa

Hapa nitakaa kidogo sababu ndipo penye nguvu ambayo watu hawaijui. Mkazi yeyote wa mtaa mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria mkutano wa mtaa na kuuliza. Mwenyekiti anauendesha, mtendaji wa mtaa ndio katibu anayeandika. Mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa pale. Shida ni kwamba vijana hawaendi, wanaoenda ni wazee na kina mama wachache, mkutano unaisha saa moja, kila kitu "kimepita".

Kabla ya mkutano, nendeni wawili au watatu kwa mwenyekiti, nyumbani au ofisini, mumwambie: mwenyekiti, tuna jambo la uwanja, tunaomba liwe ajenda. Msimvizie. Mwenyekiti akiviziwa mbele za watu atajitetea tu, akiambiwa mapema anaweza hata kulibeba yeye, maana na yeye ana wapiga kura wake. Walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024, kwa hiyo bado wana muda wa kukaa hapo na wanajua watakumbukwa kwa lipi. Kama anakataa kuitisha mkutano au anapiga chenga, mwandikieni barua na nakala apewe mtendaji wa kata, mara nyingi tarehe inapatikana ghafla.

Siku ya mkutano fikeni mapema, mkae mmetawanyika, msikae kikundi kama mmekuja kuvamia. Ajenda ikifika asimame mmoja, aeleze kwa dakika tano, aonyeshe picha, mzee aongezee. Halafu ombeni maazimio yenye maneno haya: nani atafanya nini, hadi lini. Sio "mkutano ulilaani". Mfano mkutano umeazimia mtendaji aandike barua kwa mkurugenzi kuomba uthibitisho wa matumizi ya eneo, ndani ya wiki mbili. Na kabla watu hawajatawanyika msimame mumwombe mtendaji asome alichoandika. Asome kwa sauti. Hili ni dogo lakini usiliache.

Niliwahi kukaa kwenye mkutano mmoja, mapato na matumizi yanasomwa haraka haraka kama tangazo la dawa redioni, karibu na mwisho pakatajwa "mengineyo" na hela yake ikawa kubwa kuliko ya ulinzi. Mama mmoja anauza ndizi, amekaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, akanyoosha mkono akauliza taratibu kabisa, "Samahani mwenyekiti, hiyo mengineyo ni nini?" Hakupandisha sauti wala hakumtuhumu mtu. Ukimya. Mtendaji akafunua daftari, akafunga, akafunua tena. Ikabidi iandikwe kwamba ufafanuzi utatolewa mkutano ujao, na ulitolewa, na mkutano ule ulijaa kuliko kawaida. Swali fupi la heshima linabana kuliko hotuba.

HATUA YA 5: Barua, na masjala

Barua ya wananchi iwe ukurasa mmoja. Watu wanaandika kurasa nne za historia na uchungu, afisa anasoma aya ya kwanza anaweka pembeni. Muundo uwe hivi (K.K. maana yake kupitia kwa), jazeni wenyewe:

Wakazi wa Mtaa wa ______,
Kata ya ______,
Mbeya.
Tarehe ______

Mkurugenzi wa Jiji,
Halmashauri ya Jiji la Mbeya.

K.K. Mtendaji wa Kata ya ______
K.K. Mtendaji wa Mtaa wa ______

YAH: OMBI LA KUTHIBITISHIWA MATUMIZI YA ENEO LILILOPO KITALU ______ NA KUSIMAMISHWA KWA UJENZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa mtaa tajwa, kupitia mkutano wa mtaa wa tarehe ______ (muhtasari umeambatanishwa), tunaomba yafuatayo: (a) tujulishwe kwa maandishi matumizi ya eneo hili kwa mujibu wa mchoro wa mipangomiji, (b) mkaguzi wa majengo afike kuangalia kama ujenzi unaoendelea una kibali, (c) afisa mipangomiji na mpima wafike kuonyesha mipaka mbele ya wakazi.

Tunaomba majibu ndani ya siku 30.

Kisha majina, sahihi, na anwani za nyumba. Chini weka Nakala: diwani, mbunge, mkuu wa wilaya. Usiweke nakala kwa watu kumi na tano, inaonekana unatangaza vita.

Hiyo (b) msiiache. Mgogoro wa umiliki unaweza kuchukua miaka, ila ujenzi usio na kibali unaweza kusimamishwa hata kabla haijajulikana eneo ni la nani, na ukishasimama mnapata pumzi ya kufuatilia mengine.

Toa fotokopi kabla ya kwenda, mbili. Pale jiji barua inaingia masjala, ile ofisi ya kupokea barua na kutunza majalada, sio kwa afisa unayemjua, sio kwa sekretari, masjala. Utamkuta mhudumu atakwambia "iache tu hapo mezani, tutaipeleka". Usiiache. Mwambie kwa upole, "Naomba unigongee mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, wazee wamenituma wanataka kuuona." Hiyo ya wazee wamenituma inasaidia sana, siyo wewe unayesumbua, umetumwa. Akigonga hakikisha tarehe inasomeka, na ukirudi baada ya siku kadhaa uliza namba ya kumbukumbu ya jalada. Kuanzia hapo kila ukienda unataja ile namba, hutaji jina la uwanja. Nakala yenye mhuri ipige picha, uitume kwa wenzako wote, orijino ikae kwa mzee. Kuna siku mtaambiwa barua haijafika na huo mhuri utawavua aibu.

HATUA YA 6: Kata, diwani na kalenda ya hela

Kutoka mtaa jambo linapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile inayoitwa WDC. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa ya kata hiyo ni wajumbe, kwa hiyo mwenyekiti wenu yupo mle ndani na muhtasari wa mkutano wenu anatakiwa kwenda nao. Muulizeni alivyorudi: uliwasilisha? wakasemaje? Kutoka hapo linaenda kamati ya madiwani ya mipangomiji na mazingira, kisha baraza la madiwani lenyewe, ambalo hukaa kila robo mwaka. Baraza wananchi wanaruhusiwa kwenda kusikiliza, hupewi nafasi ya kuongea lakini nenda, mkikaa watu kumi kimya kwenye viti vya nyuma diwani wenu ataongea tofauti na siku akiwa hana mtu wa kwao.

Sasa hela. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai unaishia 30 Juni. Watu wanaenda kuomba uzio au taa mwezi wa tano wanaambiwa "haipo kwenye bajeti" wanakasirika, na kweli haipo, bajeti ilishafungwa. Kwa kawaida mitaa inaibua vipaumbele vyake kuanzia kama Septemba hadi Novemba, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, halafu inachujwa kata, inaenda kwa wataalamu wa jiji, kamati na baraza wanapitisha mwanzoni mwa mwaka, kisha inakwenda mkoani, TAMISEMI na Bungeni kuanzia Aprili. Kwa hiyo ombi lenu lenye gharama liwe kwenye muhtasari wa mtaa kabla ya Desemba. Na liwe dogo linaloeleweka: kuchonga uwanja, magoli mawili, miti, bomba moja. Ukiomba "bustani ya kisasa" utawekwa kwenye foleni ya miradi mikubwa, na mingine mpaka leo ipo kwenye foleni.

Diwani mfanyeni rafiki hata kama hamkumchagua. Mpeni sifa hadharani pale anapofanya kitu, hata kidogo, mpigieni makofi, na pale asipofanya muulizeni faragha kwanza.

HATUA YA 7: Omba taarifa kwa sheria

Kimya kikizidi siku 30, badilisha mbinu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyopo kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Katiba nayo ibara ya 18 inaitaja haki ya kupewa taarifa, na ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi, zitaje zote mbili kwenye barua, haziumi. Omba kitu mahususi: nakala ya mchoro wa kitalu fulani, au nakala ya kibali cha ujenzi cha kiwanja namba fulani. Ukiomba "taarifa zote kuhusu uwanja" umewapa mlango wa kukukwepa. Ukinyimwa omba sababu kwa maandishi, uende ngazi ya juu. Na ukipewa usiichakachue hata mstari, sheria hiyo hiyo ina adhabu kwa anayepotosha taarifa aliyopewa.

Vipo pia vitu ambavyo huhitaji kumwomba mtu. Ripoti ya CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuhusu serikali za mitaa inawekwa wazi kila mwaka ikishafika Bungeni, kwa kawaida Aprili, ipo kwenye tovuti ya ofisi yake kwa Kiswahili pia, tafuta jina la halmashauri yenu humo. Zabuni za serikali siku hizi zinapita mfumo wa manunuzi wa mtandaoni wa NeST. Na bango la mradi pale saiti lipigeni picha siku ya kwanza, lina jina la mkandarasi, gharama na muda wa kumaliza. Mabango yana tabia ya kuanguka na upepo yakaenda kusikojulikana.

HATUA YA 8: Redio na mitandao, kwa akili

Redio za huku bado zina nguvu kuliko tunavyodhani, vipindi vya asubuhi watu wanasikiliza kwenye bajaji, saluni, sokoni Mwanjelwa. Mpigie mtangazaji mkiwa na nakala yenye mhuri mkononi. Msiende redioni kabla ya barua, maana swali la kwanza ofisi itakayoulizwa itajibu ni "hatujapokea malalamiko rasmi", na hapo mmepigwa bao.

Mitandaoni andikeni mnachokijua tu. "Tunaomba maelezo kuhusu ujenzi huu" ni salama. "Fulani mwizi kala hela" bila ushahidi ni kesi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 inahusu taarifa za uongo na wapo watu imewakuta. Kwenye grupu wekeni admini wawili wakali, wafute matusi na yale mambo ya kuforwadi. Skrinshoti ya tusi moja la hovyo ndiyo itakayoonyeshwa kikaoni, si picha zenu hamsini za uwanja.

HATUA YA 9: Ikikwama kabisa

Harufu ya rushwa, piga TAKUKURU 113, ni bure. Mto umevamiwa, NEMC, wale wa mazingira. Malalamiko ya jumla kwa taasisi za serikali kuna mfumo wa e-Mrejesho, hata wa kitochi anaingia kwa *152*00#. Ofisi ya mkuu wa wilaya inasikiliza kero, pelekeni lile jalada zima, sio maneno. Mkitaka kuandamana au kufanya mkutano wa hadhara, sheria inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Mimi binafsi kwa uwanja wa mtaa sishauri kufika huko, hali zetu tunazijua, na kufanya usafi wa pamoja pale uwanjani Jumamosi asubuhi na majembe, mafyekeo na watoto kunasema jambo lile lile na hakuna wa kuwakataza.

Mahakama ni mwisho. Kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza, kwa hiyo kabla ya kumlipa mtu hela onaneni na wasaidizi wa kisheria, wapo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hawachaji.

HATUA YA 10: Mkishapata

Hapa watu wanashangilia wanaenda kulala, mwaka unaofuata eneo limeliwa upya, safari hii kwa mlango wa nyuma. Siku mpima akija kuonyesha mipaka mkutano wa watu uwepo, na bikoni, yale mawe ya mpaka, zikiwekwa zipigwe picha moja moja. Panda miti juu ya mstari wa mpaka wiki hiyo hiyo kama mvua zipo. Mvua zetu zinaanza Novemba, ukipanda mwezi wa pili mizizi haijashika vizuri kabla kiangazi hakijaja na baridi la Juni. Milingoti (mikaratusi) hapana, inanyonya maji na ikikua inaangukia nyumba za watu. Jakaranda sawa. Parachichi mtajaribiwa sana maana huku kila mtu ni mkulima wa parachichi, ila parachichi la umma linapigwa mawe likiwa bichi, na mawe yanavuka uzio. Miche ulizeni TFS, wakala wa misitu.

Undeni kamati ndogo ya uwanja inayotambuliwa na mkutano wa mtaa, iandikwe kwenye muhtasari na majina. Ratiba iwepo: asubuhi watoto, jioni timu za vijana, Jumapili mchana sherehe kwa kibali cha mtendaji na ada yenye risiti ya kusafishia. Kama kuna kikundi cha vijana kinataka kuweka choo cha kulipia au kibanda cha vinywaji kinachohamishika, kiombe mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, lakini mkataba wa kutumia eneo upite mkutanoni kwanza na uwe na mwisho. Vibanda vya "muda" ndivyo vilivyokula viwanja vingi. Na zile nakala zote, barua, mihuri, muhtasari, picha za bikoni, tengenezeni seti tatu: moja kwa mtendaji, moja kwa mzee, moja kwa yule mama wa kikoba, maana watendaji wanahamishwa na akija mpya mtamkabidhi historia nzima siku ya kwanza kabla hajakutana na mtu mwingine.